Kitabu Gani cha Kiswahili Tuazime Maktabani?



Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hivyo mtoto anaweza kurudi nyumbani na daftari la somo ambalo mzazi wake hakuwahi kulisoma. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi watu wengi nchini walikisikia Kiswahili kutoka kwa askari, wakakiona kuwa lugha ya amri na vitisho. Mtoto akikutana nacho katika mtihani tu, atakiogopa vilevile. Hadithi nzuri ni njia mojawapo ya kumwonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya kuchekea na kufikiria pia.

Katika makala haya tunapendekeza vitabu kwa watoto, familia na watu wazima ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili au ya tatu.

Kupima kitabu

Wengi wetu huchagua kitabu kwa sifa ya mwandishi. Anayeanza hukabidhiwa Shaaban Robert kwa sababu jina lake linajulikana, akakwama katika kurasa za mwanzo, kisha akaamini kwamba Kiswahili ni kigumu. Njia iliyo bora ni hii: fungua ukurasa wa katikati, usome, na kila ukutanapo na neno usilolijua kunja kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kirudishe kitabu kwenye rafu. Wakati wake utafika.

Watoto

Kwa watoto wadogo tunapendekeza hadithi za African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hadithi hizo hupatikana bure kwenye intaneti, zina picha, na zimepangwa katika ngazi, kuanzia neno mojamoja hadi aya ndefu. Leseni yake inaruhusu kuzichapa na hata kuzifasiri. Nyingi zimetolewa kwa lugha zaidi ya moja, na miongoni mwa lugha hizo zimo Luganda na Kiacholi. Mwalimu anaweza kuchapa hadithi ileile kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili. Mtoto asome kwanza ile ya lugha yake. Akifika kwenye ya Kiswahili anajua tayari nani alifanya nini, na kazi inayobaki ni ya maneno tu.

Familia

Kwa kusoma pamoja jioni, Hekaya za Abunuwasi hazina mfano wake. Kila hekaya ni fupi na ina mzaha. Chukua ile ya sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha pamoja na sufuria ndogo, anasema, "Imezaa." Jirani anafurahi na kupokea. Safari nyingine Abunuwasi harudishi kitu. Anasema sufuria imekufa. Aliyekubali kwamba sufuria huzaa atakataaje kwamba hufa? Mtoto anacheka, na huku amejifunza wakati wa -me- bila kuchorewa jedwali. Mzazi asiyejua Kiswahili asione haya: mtoto asome kwa sauti, mzazi aulize maana, kisha asimulie hekaya hiyo kwa lugha ya nyumbani. Mzazi akiwa mwanafunzi wa mwanawe, mtoto hupata ari ya kuendelea.

Watu wazima

Mtu mzima anayeanza huchoshwa na vitabu vya sungura na fisi. Aanze na kisa anachokijua. Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek umefasiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa, na riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, ilifasiriwa na Clement Ndulute kwa jina la Shujaa Okonkwo. Aliyevisoma kwa Kiingereza shuleni ataweza kukisia maneno mengi bila kufungua kamusi.

Hatua ya pili ni Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, riwaya ya kijana anayesafiri kutoka Tanga hadi Kenya akimtafuta baba yake. Pamoja nayo tunaweka Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, na sentensi zake ni fupi na wazi. Kisa cha binti aliyelelewa kwa ukali mno kinawahusu wazazi, ila si kitabu cha watoto wadogo.

Shaaban Robert aje katika hatua ya tatu. Kusadikika (1951) ina faida moja kwa msomaji mgeni: Karama, akijitetea mahakamani, anasimulia safari za wajumbe sita, na kila safari ni kisa kinachojitegemea. Soma safari moja kwa juma. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, yenye mpelelezi Bwana Msa, nayo ingoje hadi hapo, maana mazungumzo yake yana ladha ya Unguja.

Kwa walimu

Tafadhali tusigeuze kila kitabu cha maktaba kuwa zoezi la ufahamu. Mwanafunzi akirudisha kitabu, muulize swali moja tu: ni sehemu gani ungependa kumsimulia mwenzako? Kisha mpe nafasi aisimulie kwa Kiswahili alicho nacho, na makosa yake yasubiri kipindi cha sarufi.