Seva ya Nane

Jumatano ya Agosti 1, 2012, soko la hisa la New York lilipofunguliwa, kompyuta za kampuni ya Knight Capital ziliingia sokoni zikinunua na kuuza bila kukoma. Oda 212 za wateja zilizaa miamala zaidi ya milioni 4 ndani ya dakika 45. Hasara ilipita dola milioni 460, na mwaka uliofuata kampuni ikaingia mikononi mwa wengine.

Chanzo chake kila anayesimamia seva anapaswa kukijua. Mfumo wa Knight wa kutuma oda sokoni ulikuwa na seva nane. Siku chache kabla, fundi alipakia toleo jipya la programu. Saba zikalipata, ya nane ikarukwa. Hakuna mtu wa pili aliyehakiki. Ndani ya seva hiyo ulikuwamo msimbo uliokuwa umeachwa kutumika tangu 2003, ambao hakuna aliyejali kuufuta, na toleo jipya lilitumia alama ileile iliyokuwa ikiuwasha. Oda zilipofika, ule mzee ukaamka. Wahandisi, katika kuhangaika kuzima moto, wakaondoa toleo jipya kwenye zile seva saba zilizokuwa sahihi, na nazo, zikiwa zimerudi kwenye msimbo wa zamani, zikaanza kufanya yaleyale! Kibaya zaidi, kabla soko halijafunguka mfumo ulikuwa umeshatuma barua pepe 97 za kuashiria hitilafu. Hazikushughulikiwa.

Ndiyo maana nasema kazi ya kupakia matoleo isiachiwe mkono wa mtu, hata awe hodari vipi. Lakini kuna otomatiki ya aina mbili, na vijana wengi wanaotengeneza programu za wavuti huzichanganya. Ya kwanza ni ile ya mezani: ukihifadhi faili, seva ya majaribio ya Django, zana ya kutengenezea programu za wavuti, inatambua badiliko na kujiwasha upya yenyewe. Ni raha tupu, kazi inakwenda mbio. Ila waandishi wa Django wenyewe wanakataza seva hiyo kuhudumia wateja. Tomcat, seva ya programu za Java, nayo inaweza kuchungulia faili na kupakia programu upya, na watengenezaji wake hawashauri hilo kwenye seva ya kazi: linakula nguvu za mashine, na mara nyingine mabaki ya toleo la zamani hubaki kwenye kumbukumbu hadi ijae. Tena seva ikisoma upya faili zikiwa bado zinanakiliwa, nusu ya programu ni ya jana na nusu ya leo.

Otomatiki ya pili ndiyo ya kutegemewa. Kifurushi kimoja, kilichokwisha kupimwa, kinapelekwa na skripti ileile kwa kila seva. Seva inaondolewa kwenye foleni, inamaliza maombi iliyoyashika, inabadilishwa, inapimwa afya, inarudishwa. Ndipo inafuata nyingine. Mwishoni kila moja inataja toleo lake, na ikipatikana hata moja yenye jibu tofauti, kazi haijaisha.

Kurudi kwenye toleo lililotangulia nako kuandaliwe mapema. Msimbo unarudi kwa urahisi. Safu uliyoifuta kwenye hifadhidata hairudi kirahisi hivyo. Kwa hiyo, wasimamizi wa mifumo, kabla ya kupakia toleo lijalo, jaribuni kurudisha lililotangulia mchana kweupe, wahandisi wote wakiwa kazini.