Rimu, Katoni na Unyevu wa Pwani

Masika yakiingia Dar es Salaam, printa za ofisini huanza ukorofi. Printa inavuta karatasi mbili kwa mpigo, inakwama ya tatu, ya nne inatoka imejikunja kingo. Anaitwa fundi, analipwa, na wiki haijaisha mambo ni yale yale. Mara nyingi mgonjwa si printa. Karatasi imekunywa unyevu.

Tuanzie dukani. Katoni ya rimu 5 huuzwa nafuu kuliko rimu 5 za kununua moja moja. Lakini piga hesabu: katoni ni karatasi 2,500, na zikiharibika 50 tu umeshapoteza asilimia 2. Punguzo lisilovuka hapo ni la kukufurahisha macho. Ofisi inayochapisha karatasi 20 kwa siku itakaa na katoni hiyo siku 125 za kazi, karibu nusu mwaka. Hata hivyo ningeichukua, kwa sharti moja: isifunguliwe rimu ya pili kabla ya kwanza kwisha. Ganda la rimu kwa kawaida huwa na utando wa ndani unaozuia unyevu. Hilo ndilo ghala bora kuliko yote, na umeshalilipia.

Wengi hukimbilia kabati la chuma. Ni zuri dhidi ya panya na mchwa, na linapendeza mgeni akiingia, ila hewa hupenya milangoni, kwa hiyo unyevu nao umo. Kiyoyozi je? Kinachokula kilowati 1 kikiwaka saa 10 humaliza uniti 10 za umeme kwa siku. Kisha saa 11 jioni kinazimwa, na usiku kucha hewa ya bahari inarudi kwenye trei. Kuwasha kiyoyozi kwa ajili ya karatasi peke yake ni kufuru.

Rimu iliyofunguliwa inunulie boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana. Ukitupia ndani vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, sawa. Kwenye kabati la wazi havifui dafu. Katoni nazo zilaze juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta. Saruji hupitisha unyevu, na rimu ya chini kabisa ndiyo huanza kuumia. Chaga ya mbao chakavu yatosha, mradi ibebe uzito: katoni moja ya karatasi za A4 za gramu 80 ni kama kilo 12 na nusu.

Rimu ikitoka stoo yenye joto kwenda chumba chenye kiyoyozi, iache hadi kesho yake ndipo uifungue. Na trei usiijaze Ijumaa jioni. Weka za siku hiyo, zinazobaki zirudi kwenye boksi.