Mche Huu ni wa Mti Gani?

Umekuta mche shambani mwako. Hukuupanda wewe. Majani yake yanafanana kidogo na ya mnazi, lakini huna hakika. Je, uung'oe au uutunze?

Usikimbilie jembe. Pengine ni mkindu, na ukindu ni mali ya wasukaji wa mikeka. Pengine ni mchikichi, mti wa mawese. Lakini usitunze mche kwa miaka mitatu ukidhani ni mchikichi, kumbe ni mti mwingine. Mnazi, mchikichi, mtende, mkindu, mvumo, mkoma na mpopoo ni miti ya ukoo mmoja. Ikiwa michanga hufanana. Hata hivyo, kila mmoja una alama zake.

KWANZA: TAFUTA MBEGU
Fukua udongo polepole kwa kijiti. Mara nyingi mbegu bado imeshikana na mche. Itazame vizuri.

Kokwa ya mchikichi ni nyeusi na ngumu. Ina vitundu vitatu, kama macho ya nazi.

Mbegu ya mkindu ni ndogo. Upande mmoja ina mfereji mwembamba, kama mbegu ya tende. Si ajabu, kwa sababu mkindu na mtende ni ndugu.

Mbegu ya mpopoo ukiipasua utaona ndani michirizi ya kahawia na nyeupe.

Tunda la mvumo ni kubwa, na kwa kawaida lina mbegu moja hadi tatu. Tunda la mkoma ni dogo na lina mbegu moja. Mbegu hiyo ni ngumu sana. Ukiikata, ndani ni nyeupe na katikati ina uwazi.

PILI: TAZAMA MCHE UNATOKEA WAPI
Mche wa mnazi, wa mchikichi na wa mpopoo hutokea palepale kwenye mbegu. Mtende, mkindu, mvumo na mkoma hufanya vingine. Mbegu hutoa kwanza kitu kama mkia, nao hushuka ardhini. Baadaye jani huchomoza mbali kidogo na mbegu.

Mkia wa mvumo hushuka chini sana. Ukiung'oa mche huo ili uuhamishe, utaukata na utakufa. Uache pale pale, uuwekee kijiti cha alama.

TATU: TAZAMA MAJANI
Majani ya kwanza ya mnazi na ya mchikichi ni mazima, hayajachanika. Jani la kwanza la mpopoo lina ncha mbili. Jani la kwanza la mkindu ni jembamba kama nyasi. Ndiyo maana wengi huling'oa wakati wa palizi.

Mche ukikua, tazama vijani vya kuti. Vijani vya mkindu na vya mtende vimekunjwa kama mfereji, vinaweza kushika maji ya mvua. Vijani vya mnazi na vya mchikichi vimekunjwa kama paa la nyumba, maji humwagika pande mbili.

Sasa gusa shina la kuti karibu na mti, lakini kwa uangalifu. Mkindu na mchikichi zina miiba. Mnazi hauna.

Kama jani limefunguka kama kipepeo cha kupepea moto, huo si mnazi wala mchikichi. Huenda ni mvumo au mkoma.

MBEGU HAISEMI YOTE
Mbegu itakuambia kwamba huu ni mchikichi. Haitakuambia kama utazaa vizuri. Michikichi ya kisasa yenye kokwa la ganda jembamba hupatikana kwa kuchanganya aina mbili. Ukipanda mbegu zilizoanguka chini ya miti hiyo, si miche yote itafanana na mama yake. Mingine itarudia ganda nene, lenye mafuta kidogo. Mingine haitakuwa na ganda kabisa, na mara nyingi hiyo haizai. Kwa hiyo, kwa shamba la mawese, chukua miche kwenye kitalu kinachoaminika. Muulize bwana shamba au bibi shamba wako.

ZUNGUMZENI KATIKA KIKUNDI
1. Ni miti gani ya ukoo huu iliyopo kijijini kwenu?
2. Nani anaitumia, na kwa kazi gani?
3. Tafuteni mche mmoja msioujua. Mbegu yake inasema nini?