Kilema Kinachozidi: Madai ya Askari Waliotumikia Marekani

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya watu waliotumikia jeshi la Marekani, wakaliacha wakiwa na kilema au ugonjwa walioupata katika utumishi. Huenda mtauliza, habari hizi zatuhusu nini? Zatuhusu, maana katika jeshi lile wamo vijana waliozaliwa Kenya na nchi nyingine za Afrika ya Mashariki, na fidia ya kilema humfuata askari hata akirudi kukaa kwao.

Na tuseme askari mmoja aliumia goti la kulia kazini. Serikali ikalikubali jeraha lile, ikampa kiwango cha sehemu 20 katika mia. Miaka kumi ikapita. Sasa goti limezidi ubaya, na kwa kuwa amechechemea muda wote huo, nyonga ya kushoto nayo imeanza kumwuma. Mtu huyu ana madai mawili, wala si moja. Kwa goti ataomba kuongezewa. Hana haja ya kuthibitisha tena kwamba aliumia jeshini, ila aonyeshe kwamba hali imezidi. Kwa nyonga atapeleka dai jipya, na hapo atahitaji daktari aandike kwamba yaelekea, angalau nusu kwa nusu, maumivu hayo yametokana na goti. Wengi hukosa hapa. Huleta vyeti vingi vya kuonyesha ugonjwa, wasilete hata kimoja cha kuuunganisha na utumishi wao.

Iko namna ya tatu, nayo ni ugonjwa uliojitokeza baada ya miaka. Sheria iitwayo PACT, iliyotiwa sahihi tarehe 10 Agosti 2022, imewapunguzia baadhi ya watu mzigo huu. Aliyetumika Somalia au Oman tangu tarehe 2 Agosti 1990, au Djibouti tangu tarehe 11 Septemba 2001, huhesabiwa kuwa alivuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka. Akipatwa na ugonjwa ulio katika orodha ya sheria, kama saratani kadha wa kadha na pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, haulizwi tena ushahidi wa kuunganisha.

Sasa nisikilizeni vizuri juu ya tarehe, maana ndipo fedha zinapopotea. Kwa kawaida fidia huhesabiwa tangu siku dai lilipopokelewa, si tangu siku maumivu yalipoanza. Kwa kilema kilichozidi, serikali yaweza kurudi nyuma, walakini si zaidi ya mwaka mmoja, tena ushahidi uwepo. Mtu aliyevumilia miaka mitano kwa haya au kwa uvivu hatalipwa miaka ile. Kwa hiyo imewekwa karatasi fupi ya kutangaza nia ya kudai. Akiisha kuipeleka, tarehe yake hushikwa, naye hupewa mwaka mzima wa kukusanya vyeti na kukamilisha dai.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Mtu ana kilema cha 50 katika mia na kingine cha 30. Je, ana 80? La. Serikali huanza na mtu mzima wa 100. Hamsini ikitoka, zimebaki 50. Kisha hutwaa 30 katika mia ya hizo zilizobaki, yaani 15. Jumla ni 65, nayo hupandishwa kuwa 70. Akizidishiwa ugonjwa mwingine wa 10, atafika 69 tu, nazo pia ni 70, fedha haziongezeki. Hata hivyo asiudharau, kwa sababu ugonjwa uliokubaliwa hutibiwa kwa gharama ya serikali. Na kuanzia 30 huongezwa kitu kwa ajili ya mke, watoto, na hata wazazi wanaomtegemea.

Baada ya kudai huenda akaitwa kupimwa na daktari. Akikosa bila sababu njema, ombi la kuongezewa hukataliwa. Aeleze pia siku zake mbaya, asijikaze mbele ya daktari kama alivyofundishwa kujikaza mbele ya sajini. Tena ajue kwamba kuomba nyongeza ni kuchunguzwa upya. Kilema kikionekana kimepungua, kiwango chaweza kushushwa.

Jamaa nao wana kazi. Mke, ndugu au jirani aweza kuandika aliyoyaona kwa macho yake: tangu lini hapandi ngazi, mara ngapi huamka usiku kwa maumivu. Na vyama vya askari wa zamani vilivyoidhinishwa husaidia kujaza karatasi bila malipo. Anayetaka fungu la fedha kwa kuandaa dai la kwanza aepukwe.

Dai likikataliwa, askari ana mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya kulishughulikia tena bila kuipoteza ile tarehe yake ya kwanza: kwa kuleta ushahidi mpya, kwa kuomba mkubwa zaidi aipitie hukumu, au kwa kukata rufani mbele ya Baraza.