Taa ya N haiwaki, demareri haizunguke: pima kwanza, kabla ya kununua batri mupya

Wengi wetu tuliosoma agronomia, kazi ya kwanza inatuomba vitu viwili: diplome na kujua kuendesha moto. Huku Kamanyola mashamba ya mpunga, mahindi na mihogo yanasambaa ndani ya bonde la Ruzizi, na wakulima wengi hawalimi kando ya barabara kubwa. Moto unayopewa mara nyingi ni mzee, imeshapita mikononi mwa watu watatu ao wane. Asubuhi moja unageuza kontakte, taa ya kijani ya N haiwaki, unafinya batoni, kimya. Fundi anaangalia dakika moja, anakuambia: "Batri imekufa, na demareri nayo." Hapo njo mshahara wa mwezi unaanza kuondoka.

Pengine fundi anasema kweli. Lakini mara nyingi shida ni waya moja ao swichi ndogo, na unaweza kuijua wewe mwenyewe.

Kazi hii inafanana na ile tuliyojifunza shambani. Majani ya mahindi yakigeuka manjano, hatukimbilii mbolea. Tunauliza kwanza: ni majani ya chini, ya zamani, ao ni yale mapya ya juu? Yakianza ya chini, tunafikiria azoti, juu mmea unaiondoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwa mapya. Yakianza ya juu, tunafikiria chuma ao salfa. Dalili moja, sababu mbalimbali. Moto iko vilevile.

Tuanze na namna inavyofanya kazi. Moto nyingi za kuwasha na batoni ziko na ulinzi: demareri inakubali kuzunguka tu kama gia iko kwenye N, ao kama umefinya mkono wa ambreyaje. Ndani ya injini, karibu na pinyoni ndogo ya shene, kunakuwa swichi ya N. Kutoka hapo waya unapanda hadi kwenye taa. Ukiweka N, swichi inagusisha waya huo na chuma cha injini, umeme unapata njia ya kurudi kwa batri, taa inawaka. Basi. Lakini pale karibu na shene ndipo matope, mafuta ya shene na maji ya mifereji vinakusanyika. Njo maana swichi hiyo na waya wake vinaharibika mapema.

Kabla ya kupima, inua gurudumu la nyuma lisiguse chini. Lizungushe kwa mkono. Likizunguka bila kukokota injini, uko kwenye N kweli, hata taa iseme nini.

Kisha piga klaksoni na usikilize. Ikilia vizuri, batri iko na nguvu kidogo. Ikilia kama mtu mgonjwa, anza na batri: fungua vichwa vyake, futa ule unga mweupe, kaza vizuri. Kama uko na multimetri, batri ya volti 12 iliyopumzika na kujaa inaonyesha karibu 12.6. Ikiwa 12.0 ao chini, iko karibu tupu. Injini ikiwaka na ukaongeza mafuta kidogo, inapaswa kupanda kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, usinunue batri mupya, juu nayo itakufa vilevile: shida iko kwenye kuchaji.

Sasa finya batoni.

Ukisikia "ta-ta-ta-ta" ya haraka, ni batri dhaifu ao vichwa vichafu. Ukisikia "ta!" moja tu na taa haififii, angalia rele na waya nene za demareri.

Kama ni kimya kabisa, angalia fizibo na ile swichi nyekundu ya kuzima injini. Halafu finya ambreyaje, ujaribu tena. Ikizunguka, demareri ni nzima, batri ni nzima. Shida ni upande wa N. Umeshaokoa pesa nyingi.

Toa waya kwenye swichi ya N, washa kontakte, gusisha ncha ya waya kwenye chuma safi cha injini. Taa ikiwaka, balbu na waya ni vizima, mkosaji ni swichi: isafishe ao ibadilishe. Taa isipowaka, tafuta waya uliokatika ao balbu iliyoungua. Na kama taa haiwaki lakini demareri inazunguka vizuri kwenye N, mara nyingi ni balbu.

Iko pia kinyume chake, na hicho ndicho cha kuogopa: taa ya N inawaka hata kama vitesi imeingia. Toa waya kwenye swichi. Taa ikizimika, swichi imekwama. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na unagusa chuma mahali fulani. Usiendeshe hivyo. Siku moja utafinya batoni vitesi ikiwa ndani, na moto itaruka mbele ya watu.

Zile zinazoonyesha namba ya vitesi, nyingi ziko na mguso wake kwa kila namba. Ikikosa namba moja, tafuta mguso ao waya wa namba hiyo. Zikikosa zote, tafuta umeme unaozilisha zote. Na kwad, moto za magurudumu mane, nyingi ziko na taa ya N na ya R ya kurudi nyuma. Vipimo ni vilevile.

Kama demareri inazunguka lakini injini haishike, acha nyaya za N. Angalia buji na mafuta. Mafuta ya chupa tunayonunua kwa kadafi yanaweza kuwa na maji: fungua skrubu ya chini ya karibirateri, pokea kidogo ndani ya chupa safi. Maji yanashuka chini kama vidonge.

Fundi mwingine atakuambia: "Tuunge moja kwa moja, tumalize." Kataa. Kuruka ulinzi kwa dakika moja ya kupima ni sawa. Kuuacha hivyo ni kumtegea mutu atakayeendesha baada yako.

Hatukusomea umakanika. Lakini ukifika kwa fundi na kusema "ambreyaje ikifinywa inazunguka, kwenye N haizunguke", mazungumzo ya bei yanabadilika palepale. Na mkulima anayekungoja upande wa pili wa mfereji hatakungoja wiki nzima.