Dereva wa Kampuni na Lori Lake Mwenyewe

Katangi ni kata ya eneo bunge la Yatta, katika Kaunti ya Machakos, ambako mvua haitabiriki na shamba peke yake aghalabu halitoshi kulisha na kusomesha, hivyo ajira ya mbali, ukiwemo udereva wa malori ya masafa marefu, huhesabiwa kuwa riziki ya heshima. Dereva aliyekaa miaka mingi kwenye usukani wa kampuni hufikia wakati akajiuliza kwa nini aendelee kupokea mshahara, ilhali nauli ya mzigo anaoupeleka kwa safari moja huenda ikaupita mshahara wake wa mwezi mzima. Swali hilo ni la haki, na anayeliuliza hastahili kubezwa kana kwamba ana tamaa. Hata hivyo, tofauti kubwa kati ya kuajiriwa na kuwa dereva mmiliki, yaani mtu anayeendesha lori lililo mali yake, haiko barabarani, kwa kuwa barabara ni ileile na mizani ni zilezile. Iko katika siku ambazo lori limesimama, na katika kujua ni nani anayezilipia.

Mshahara, hata ukiwa mdogo, hulipwa lori likiwa linatembea au likiwa juu ya jeki. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa aliyetimiza mwaka siku 21 za likizo yenye malipo, na inampa malipo kwa muda fulani anapougua, na sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, iliyotungwa mwaka huohuo, inamtaka mwajiri amkatie bima dhidi ya ajali za kazini. Anayejiajiri hukosa ngao hizo zote kwa siku moja, tena akimwajiri utingo, yeye ndiye anakuwa mwajiri mwenye wajibu huo. Kwa kampuni yenye malori 50, gari moja likiharibika giaboksi ni sehemu ndogo ya biashara. Kwa mwenye lori moja, hiyo ndiyo biashara nzima.

Hesabu ya mfano inaweza kulifafanua jambo hili. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, na trela lililojaa hutumia karibu lita moja ya dizeli kwa kila kilomita mbili, ambayo ni lita 240. Kwa kuwa shehena inayoingia nchini kupitia bandari ya Mombasa ni nyingi kuliko inayotoka, malori mengi hurudi Pwani yakiwa matupu, na hata lori tupu likienda kilomita tatu kwa lita, linamaliza lita nyingine 160. Dizeli ikiwa shilingi 170, mafuta ya kwenda na kurudi yanagharimu shilingi 68,000, na nauli ikiwa shilingi 100,000, zinabaki 32,000. Mwenye lori hana sauti katika bei hiyo ya mafuta, ambayo Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli huitangaza kila tarehe 14 ya mwezi. Julai 2024, tozo ya matengenezo ya barabara ilipopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, safari kama hii iliongezewa shilingi 2,800 ya tozo peke yake.

Lori likifanya safari sita kwa mwezi, baki ni shilingi 192,000, kiasi ambacho dereva wa mshahara hukitazama kwa hamu. Lakini mkopo wa shilingi milioni nne, wa miaka minne, kwa riba ya asilimia 18 inayotozwa kwenye deni lililosalia, hudai karibu shilingi 117,500 kila mwezi, na riba ya kiwango hicho si ya kubuni tu, kwani kati ya Februari na Agosti 2024 kiwango cha msingi cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 13, na benki hukopesha juu ya hapo. Zinazosalia, shilingi 74,500, ndizo za bima, ukaguzi wa gari wa kila mwaka, ushuru wa mapema unaokadiriwa kwa tani, utingo, sevisi na chakula cha nyumbani. Trela la ekseli sita lina matairi 22, na tairi moja likiwa shilingi 35,000, kuyabadilisha yote ni shilingi 770,000, yaani baki la safari 24. Sasa lori hilohilo lingoje spea kwa siku kumi, safari ziwe nne badala ya sita: baki linashuka hadi shilingi 128,000, awamu ya mkopo inabaki palepale, na nyumba nzima inaachiwa shilingi 10,500. Anayedai mkopo huo kwa kawaida ameandikwa pia katika logibuku, yaani cheti cha umiliki wa gari, mpaka deni liishe.

Tena kuna kusimama kusikotokana na chuma. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilipoanza kubeba mizigo mwaka 2018, serikali ilielekeza makontena yapelekwe kwa treni hadi bohari ya Embakasi jijini Nairobi, na agizo la mwaka 2019 lililofanya hilo kuwa lazima lilileta maandamano Mombasa, kwa sababu wenye malori walinyang'anywa kazi bila wao kukosea lolote. Mahakama Kuu ililitangaza agizo hilo kuwa kinyume cha sheria Novemba 2020, na Rais William Ruto akaliondoa alipoingia madarakani Septemba 2022. Kampuni kubwa iliweza kuhamishia magari yake kwenye njia nyingine na kungoja. Mwenye lori moja la mkopo hakuwa na miaka ya kungojea hukumu, ingawa haki ilikuwa upande wake.

Wengi huona njia salama zaidi ni kununua tipa na kubeba mchanga wa mito ya Ukambani kwenda kwenye majengo ya Nairobi, kwa kuwa safari ni fupi na dereva hulala kwake. Mchanga, hata hivyo, ni mali ya mito inayokauka, na jamii zinazochota maji katika mito hiyo zina haki ya kuilinda; Makueni, kaunti jirani, ilitunga mwaka 2015 sheria iliyobana mno usafirishaji wa mchanga nje ya mipaka yake. Tipa lisilo na kazi nyingine ila mchanga limewekwa rehani kwa bidhaa ambayo inafaa kuzidi kudhibitiwa.

Wakamba wa karne ya 19, akiwemo Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri aliyeuawa safarini mwaka 1851, walipeleka pembe za ndovu pwani kwa misafara ya watu wengi, si mmoja mmoja. Vivyo hivyo leo, madereva watatu au wanne wakinunua lori la kwanza kwa pamoja kupitia sako, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, mmoja akaliendesha na wengine wakabaki katika ajira zao, mishahara ya waliobaki inaweza kulipa awamu katika mwezi ambao lori liko gereji. Mpango huo huvunjika upesi usipoandikwa, kwa hiyo mkataba utaje majina yatakayowekwa katika logibuku, kiasi kitakachowekwa kando kila safari kwa ajili ya matairi na injini kabla ya yeyote kugawiwa faida, mshahara wa yule anayeendesha, mteja aliyeahidi mzigo na muda atakaochukua kulipa, na jinsi familia ya mwenzao itakavyorudishiwa fungu lake akifariki.