Chakula cha Asubuhi kwa Mtu Anayetaka Kupunguza Unene

Fungueni madaftari yenu, na kila kikundi kiwe na kijiko kimoja cha chai mezani, maana leo kuna kazi ya kupima. Tutazungumza juu ya chakula cha asubuhi. Mtu aliyeambiwa hospitali apunguze uzito wa mwili wake, ale nini asubuhi ili njaa isimshinde kabla ya adhuhuri?

Najua wako watakaosema, "Somo hili ni la watu wa mjini. Sisi huku Kwaluguru tunashika jembe, unene utatoka wapi?" Neno hili lina haki yake. Wazee wenu wanaikumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai. Vikundi vya elimu ya watu wazima vilikaa kuisikiliza kama ninyi leo, na wasiwasi mkubwa wa siku zile ulikuwa upungufu wa chakula. Upungufu huo haujaisha, hasa kwa watoto wadogo. Lakini uchunguzi wa afya uliofanywa katika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Mijini walikuwa wengi zaidi, ni kweli. Hata hivyo hebu tazameni wenyewe pale Segera, au Mkata, au Korogwe mjini. Mwenye duka anakaa, fundi cherehani anakaa, mwenye pikipiki anakaa. Kazi za kukaa zimetufikia, na chakula chetu bado ni kile cha mtu wa jembe.

Unene si aibu, wala hatuzungumzi leo juu ya uzuri wa mtu. Tunazungumza juu ya shinikizo la damu, juu ya kisukari, na juu ya magoti yanayouma mtu akipanda kilima. Mganga akikuambia upunguze uzito, anataka kukulinda na mambo hayo. Shida ni kwamba mara nyingi hana nafasi ya kukueleza njia. Foleni ni ndefu. Unaambiwa "punguza uzito", unapewa dawa, unarudi nyumbani.

Na wengi wetu tukifika nyumbani huanza kwa kuacha chakula cha asubuhi. Tuchukue mfano wa mama mkulima. Saa kumi na mbili anakunywa kikombe cha chai yenye sukari nyingi, hali kitu, anakwenda shambani. Saa nne njaa inamshika, mikono inatetemeka. Njiani kuna binti anauza maandazi. Anakula matatu, anaongeza kikombe kingine cha chai. Mchana anakula mlima wa ugali, kwa sababu moyoni anahesabu kwamba asubuhi hakula. Baada ya mwezi mmoja anapanda mizani, na mizani haikusogea. Anasema, "Mimi hata nikinywa maji nanenepa."

Hanenepi kwa maji. Shikeni kalamu tuhesabu. Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kipimo kiitwacho kalori. Gramu moja ya sukari ina kalori 4, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Kijiko cha chai kilichojaa sukari ni gramu 5 hivi. Basi kijiko kimoja ni kalori 20. Vijiko vinne katika kikombe kimoja ni kalori 80, na vikombe viwili ni kalori 160. Sasa andazi. Tuseme andazi moja lina unga wa ngano gramu 30, sukari gramu 5, na mafuta liliyoyanywa katika karai gramu 5. Unga ni kalori 109, sukari 20, mafuta 45. Jumla ni kalori 174. Maandazi matatu ni kalori 522. Ongeza zile 160 za chai, unapata 682. Mama huyu "asiyekula asubuhi" amekula kalori karibu 700 kabla ya saa tano, na saa saba njaa imerudi.

Kwa nini imerudi? Hapa ndipo kiini cha somo letu. Shibe haiji kwa kalori peke yake. Tumbo ni kama mfuko unaotanuka. Likijaa chakula chenye maji mengi na makapi mengi, hupeleka habari kwenye ubongo kwamba pametosha. Tena chakula cha kujenga mwili, yaani chenye protini, kama maharage, kunde, mbaazi, mayai, samaki na maziwa, huchukua muda kabla ya kuondoka tumboni, na hutuliza njaa kwa saa nyingi zaidi. Nyuzinyuzi za nafaka isiyokobolewa, za mboga na za matunda, nazo hufanya kazi kama hiyo. Unga mweupe na sukari havina vitu hivyo kwa wingi. Hupita upesi kama maji ya mvua kwenye mwamba.

Mwaka 1995 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sydney, katika Australia, walilipima jambo hili. Walichukua vyakula 38, wakavigawa kwa kiasi ambacho kila kimoja kilikuwa na kalori 240 hivi, wakawalisha watu na kuwauliza kwa muda wa saa mbili wameshiba namna gani. Mkate mweupe waliupa alama 100, na vyakula vingine vikalinganishwa nao. Andikeni: viazi mviringo vya kuchemsha vilipata 323, vikawa vya kwanza. Samaki 225. Machungwa 202. Mayai 150. Donati, ambalo ni ndugu wa andazi letu, lilipata 68. Na viazi vilevile vilipokatwakatwa na kukaangwa katika mafuta vilishuka hadi 116. Jaribio hili lilikuwa dogo, kwa maana kila chakula kilijaribiwa na watu kumi na kidogo tu, kwa hiyo msizishike alama hizi kama sheria. Lakini mwelekeo wake unakubaliana na yale niliyokwisha kusema.

Sasa turudi katika jiko letu. Kwa bahati njema, vyakula vinavyoshibisha bila kunenepesha si vya kuagizwa kutoka mbali. Viazi mviringo vinashuka kutoka milima ya Lushoto. Viazi vitamu tunavyo, kunde tunazo, mbaazi tunazo, na machungwa katika msimu wake huoza chini ya miti. Hebu tuhesabu chakula cha pili: viazi vitamu vya kuchemsha gramu 250, yaani viwili vya kadiri, ni kalori 200 hivi. Nusu kikombe cha kunde au maharage yaliyochemshwa ni kalori 110. Chungwa moja ni kalori 60. Kikombe cha chai chenye kijiko kimoja cha sukari ni 20. Jumla ni 390. Hiki ni chakula cha sahani nzima, kinakaa tumboni, na ni pungufu kwa kalori 292 kuliko yale maandazi na chai.

Mtasema, nani wa kuchemsha kunde alfajiri? Hakuna haja. Kula kiporo. Makande ya jana usiku, ya mahindi na maharage, ni chakula cha asubuhi bora kuliko vingi vinavyouzwa barabarani, na nashangaa kwamba siku hizi watu wanaona haya kumwekea mgeni kiporo, lakini hawaoni haya kumwekea mkate uliokauka. Jambo la lazima ni moja: kiporo kifunikwe vizuri usiku, na asubuhi kichemke kabisa mpaka kitokote. Kikiwa kimechacha, kitupe. Na kwa wapenzi wa nazi: tui la kwanza lina mafuta mengi. Pikia tui la pili, au uyapike makande siku nyingine bila nazi kabisa, kwa kitunguu na nyanya.

Mihogo je? Mihogo ya kuchemsha si mibaya, lakini kwa uzito uleule ina kalori karibu mara mbili ya viazi vitamu, na protini yake ni kidogo sana. Kwa hiyo vipande viwili, na kando yake kunde au yai au dagaa. Si sahani ya mihogo mitupu. Mihogo ya kukaanga iache kwa siku za sherehe.

Juu ya uji nataka kusema zaidi, maana wengi hufikiri kwamba uji ni chakula chepesi. Uji mwembamba wa sembe wenye sukari nyingi ni maji, wanga na sukari. Utashiba kwa saa moja. Uji wa dona au wa ulezi, mzito, wenye maziwa kidogo na sukari kijiko kimoja, ni chakula kingine kabisa. Karanga zilizotwangwa hufaa ndani yake, lakini pima: karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Kijiko kimoja cha mezani kinatosha kwa mtu mzima. Mtoto anayekua mwongezee bila hofu. Na hili ndilo jibu kwa akina mama wanaouliza kama wapike vyungu viwili. Chungu ni kimoja. Watoto wapewe karanga na maziwa zaidi, na anayepunguza uzito apewe kunde na matunda zaidi.

Chungwa lile lile, ndugu zangu, lile pamoja na nyama yake. Ukilikamua ukanywa maji yake tu, unapata sukari na kuzitupa nyuzinyuzi, na ili ujaze bilauri moja utakamua machungwa matatu.

Wengine watauliza kama ni lazima kula asubuhi. Jibu la kweli ni kwamba si lazima. Mwaka 2019 watafiti wa Melbourne walikusanya majaribio 13 juu ya jambo hili, wakaona kwamba watu waliokula asubuhi walipata kalori 260 hivi zaidi kwa siku kuliko wasiokula, na wasiokula walikuwa wepesi kidogo. Wenyewe walionya kwamba majaribio mengi hayakuwa imara. Tena yalifanywa zaidi Uingereza na Marekani, si kwa watu wanaolima tangu alfajiri. Kwa hiyo kama wewe huamki na njaa, na huendi kununua maandazi saa nne, usijilazimishe. Lakini kama wewe ni yule mama wa mfano wetu, kuacha kula kunakugharimu kuliko kula.

Wako watu watatu ambao hawapaswi kuyafuata haya bila kumwuliza mganga. Wa kwanza ni mwenye kisukari anayechoma sindano ya insulini au anayemeza dawa za kushusha sukari. Huyu akiacha chakula cha asubuhi sukari yaweza kushuka ghafla, na hiyo ni hatari ya maisha. Wa pili ni mama mjamzito au anayenyonyesha. Wa tatu ni mtu anayekonda bila kutaka. Huyo aende hospitali upesi, akapimwe kifua kikuu na kisukari.

Jambo hili la mwisho linaleta taabu moja ninayoijua vizuri katika vijiji vyetu. Ukianza kupungua, watu wataona. Shoga yako atakuuliza kisimani, "Mbona umekwisha hivyo, kuna nini?" Mama mkwe atamwita mwanawe kando: "Mwanangu, mkeo anaumwa, au humlishi?" Tulizika watu wengi waliokonda kwa ugonjwa, na hofu hiyo haijatutoka. Watu wazuri wamerudia maandazi yao kwa ajili ya maneno haya tu. Dawa yake ni kusema mapema. Mwambie mumeo au mkeo, mwambie mama: "Shikamoo mama, nimeambiwa hospitali nipunguze uzito kwa ajili ya shinikizo la damu, msiogope mkiniona." Na usipungue kwa haraka. Nusu kilo kwa juma moja yatosha, na majuma mengine haitapungua hata kidogo.

Sasa kazi ya juma hili. Mwalimu wa kikundi ajaze kijiko cha chai kwa sukari kama anavyofanya nyumbani, kila mtu aone, kisha kila mmoja ahesabu vijiko vyake vya siku nzima na kuvizidisha kwa 20. Halafu kwa siku saba andika katika daftari mambo matatu: ulichokula asubuhi, saa uliyokula, na saa njaa iliyokurudia. Andika kweli, hata kama ni maandazi manne. Juma lijalo mtayasoma madaftari hayo kwa sauti darasani, nasi tutazungumza juu ya mafuta ya kupikia. Kwaherini.